Moja Ilitoka kwa Soseji, Nyingine kwa Jicho la Ng'ombe

Bonasi ya majani chai ikiingia Nyansiongo huhitaji kuambiwa na mtu. Boda zinakataa kwenda safari fupi, bucha inaisha nyama kabla ya saa sita, na watu waliokuwa hawashiki simu zako wanakupigia wenyewe. Mwaka huu aliyenipigia ni mama mdogo. Hakusalimia sana. "Mama, ile sindano ulinionyesha, nimeamua. Nataka ile ya elfu nane."

Hapo ndipo tumbo lilinikata, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Wiki moja kabla, msee fulani anayedunga watu sindano za uso kwenye chumba cha kukodi Kisii mjini alinitumia ujumbe Instagram. Dili: niweke video moja, nipate elfu nane na nidungwe bure. Nina miaka ishirini na mbili, uso wangu hauna kunyanzi hata moja, lakini kodi ya nyumba ninayo, kwa hivyo sikukataa. Nilimwambia nitafikiria. Jioni hiyo nikiwa jikoni kwa mama mdogo tukimenya ndizi, nikamwonyesha posta kama kichekesho. "Botox 6,000. Fila 8,000. Zote mbili 11,000." Kama menyu ya chipo na kuku. Yeye hakucheka. Akachukua simu, akaiangalia muda mrefu, akapaka unga wa ndizi kwa skrini yangu.

Mama mdogo ana miaka arobaini na tatu. Amechuna majani tangu alipomaliza darasa la nane, na ukichuna majani unakunja uso: jua likitoka unakunja, umande ukikurukia unakunja, ukikadiria kilo kabla karani hajapima unakunja. Katikati ya nyusi ana mistari miwili imesimama kama namba kumi na moja. Watu wakikutana naye wanamuuliza nani amemkosea. Sokoni mteja anaondoka bila kuuliza bei akidhani mama ana hasira. Kwa hivyo tafadhali msianze na "jipende ulivyo" kwa komenti. Mtu ana haki ya kutaka uso ambao hausemi kitu ambacho yeye hajasema.

Swali lake lilikuwa la hesabu tu. Botox inakaa miezi mitatu, minne. Fila inaweza kukaa mwaka. Mtu anayelipwa bonasi mara moja kwa mwaka atachagua nini? Fila, bila shaka. Hata mimi ningechagua hivyo. Nikamwambia anipe siku nne nisome, na nikasoma kuliko nilivyowahi kusoma chuoni, na chuo niliacha, kwa hivyo chukueni hiyo sentensi kwa tahadhari.

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba hizi si saizi mbili za kitu kimoja. Ni vitu viwili ambavyo havihusiani hata kidogo, vimekutana tu kwa bahati mbaya ndani ya posta moja.

Botox historia yake inaanza na njaa. Ujerumani ya kusini, mwanzo wa miaka ya 1800, vita vya Napoleon vimeacha watu maskini, na usafi wa chakula umekwenda chini. Watu wanakula soseji wanakufa. Hawafi kwa kutapika na kuharisha tu kama tunavyojua sumu ya chakula. Kope zinaanguka, wanaona vitu viwili viwili, sauti inapotea, mate yanakwama, mwisho kifua kinakataa kupanda. Na akili iko timamu mpaka dakika ya mwisho. Daktari mmoja kijana wa Württemberg, Justinus Kerner, ambaye pia alikuwa mshairi, akaanza kukusanya visa hivyo kimoja kimoja. Kufikia 1822 alikuwa ameandika zaidi ya 150. Alijaribu hiyo sumu kwa wanyama, halafu, manze, akajijaribia mwenyewe. Akaona kwamba inakata mawasiliano kati ya neva na misuli, na akaandika kitu ambacho hakuna mtu alikichukulia kwa uzito wakati huo: kwamba kwa kiasi kidogo sana, sumu hii huenda siku moja ikatuliza misuli inayojikaza bila sababu. Jina botulism lenyewe linatokana na neno la Kilatini la soseji.

Mwaka 1895, kijiji cha Ellezelles, Ubelgiji, bendi ilialikwa kupiga muziki matangani. Wakapewa nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa kwa chumvi. Walikuwa wanamuziki 34, watatu wakafa. Profesa Émile van Ermengem akachunguza ile nyama na miili, akampata mdudu mwenyewe, bakteria anayependa mahali pasipo na hewa. Sisi wa Kisii tunaojua kula matangani tuelewe huo msiba vizuri.

Na usidhani hiyo ni stori ya Wazungu na soseji zao. Mwaka 1980 jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha ripoti ya mlipuko wa ugonjwa huohuo hapa Kenya, na chakula kilikuwa kumbikumbi. Kumbikumbi! Wale tunaokimbizana nao mvua ikinyesha, tunawakata mbawa na kuwakaanga. Kosa si la kumbikumbi, usiache kuwala. Mdudu huyo anaishi udongoni kila mahali, na chakula kikifungiwa bila hewa muda mrefu anapata nafasi ya kutengeneza sumu. Lakini nilipoisoma hiyo ripoti niliweka simu chini. Kile kitu cha elfu sita kwenye posta ni sumu ileile.

Jinsi sumu ilivyotoka kwa sahani hadi kwa kichupa ni safari ndefu na haina malaika wengi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Marekani liliitaka iwe silaha. Mwaka 1946 Edward Schantz, mwanakemia aliyekuwa akifanya kazi kwenye kambi yao ya Detrick, Maryland, na wenzake waliweza kuisafisha mpaka ikawa chembechembe. Haikutumika vitani. Miaka ya 1970 daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, alikuwa anatafuta njia ya kunyoosha makengeza bila kisu. Akapata sumu hiyo kutoka kwa Schantz, akaanza na nyani, na 1980 akachapisha matokeo yake kwa watu. Desemba 1989 serikali ya Marekani ikaikubali kama dawa ya makengeza na ya watu ambao kope zinajifunga zenyewe. Makunyanzi hayakutajwa popote.

Halafu kuna Vancouver, Kanada, 1987. Jean Carruthers, daktari wa macho, alikuwa anamdunga mama mmoja mwenye shida hiyo ya kope. Siku moja mama akalalamika kwa nini hakudungwa kwenye paji la uso, kwa sababu kila akidungwa hapo uso unatulia kama mtu asiye na shida duniani. Jean alikuwa ameolewa na daktari wa ngozi, Alastair. Unaona jikoni kwao jioni hiyo ilikuwaje. Mtu wa kwanza kudungwa kwa ajili ya mistari ya katikati ya nyusi alikuwa karani wao wa mapokezi, aliyejitolea. Wakachapisha 1992. Mwezi wa nne 2002 Marekani ikakubali rasmi Botox kwa mistari hiyo. Mistari gani? Ile kumi na moja ya mama mdogo. Ileile kabisa.

Kwa hivyo Botox haijazi kitu. Inalaza msuli. Msuli unaokunja ngozi ukilala, ngozi inapumzika na mstari unafifia. Inaanza kuonekana baada ya siku kadhaa, inaisha baada ya miezi mitatu au minne neva zikijirekebisha. Ikiwekwa vibaya, kope inaweza kuanguka, na hakuna dawa ya kuiondoa upesi, unasubiri wiki zipite.

Sasa fila. Hii inatoka ukoo mwingine kabisa, na ukoo huo una aibu zake.

Wazo la fila ni kama kuziba shimo la barabara. Pakibonyea, jaza. Mwaka 1893 daktari Mjerumani, Gustav Neuber, alichukua vipande vidogo vya mafuta ya mwili kutoka kwa mkono wa mgonjwa akajaza makovu yaliyobonyea usoni. Hiyo haikuwa mbaya. Shida ilianza 1899, Vienna, daktari Robert Gersuny alipotafuta kitu rahisi kuliko mafuta ya mtu. Alichopata ni Vaseline. Ndiyo, hiyo ya kupaka miguu. Mgonjwa wake mmoja wa mwanzo alikuwa kijana aliyeondolewa korodani kwa sababu ya kifua kikuu, na Gersuny akamwekea Vaseline mahali pale ili mfuko usionekane mtupu. Ikaonekana imefaulu. Basi Ulaya yote ikaamka. Vaseline, halafu nta ya parafini (si parafini ya stovu, ni ile ya mishumaa), ikadungwa kwa pua, mashavu, makunyanzi, matiti.

Kwa mwaka wa kwanza kila mtu alipendeza. Hapo ndipo ujanja wote ulipo. Picha ya kabla na baada ilikuwa ya kweli! Lakini nta haikai ilipowekwa. Inatembea, inayeyuka na joto, mwili unaizungushia uvimbe mgumu, ngozi inabadilika rangi, wengine wakapofuka ilipoingia kwa mishipa ya damu. Gladys Deacon, Mmarekani aliyesifiwa kuwa mmoja wa warembo wakubwa wa Ulaya, alidungwa nta juu ya pua akiwa na miaka ishirini na mbili kwa sababu alitaka pua inyooke kama ya sanamu za Wagiriki. Miaka ishirini na mbili ni umri wangu. Nta ikateremka, ikaharibu uso wake hadi kidevuni, na baadaye alipoolewa na Duke wa Marlborough watu walimwangalia kidevu kwanza.

Baada ya Vita vya Pili ikaja silikoni ya maji, Japani ikiwa mbele, na hadithi ikajirudia na kemikali mpya. Sitakaa hapo. Mwaka 1981 Marekani ikakubali kolajeni iliyotolewa kwa ngozi ya ng'ombe. Hiyo ilikuwa afadhali, ila ulilazimika kujaribiwa kwanza kwa mkono usije ukawa na aleji, na baada ya miezi michache ilikuwa imeisha.

Fila nyingi za sasa ni asidi ya hialuroniki, na hapo ndipo jicho la ng'ombe linaingia. Mwaka 1934, New York, Karl Meyer na John Palmer walipata kitu kama ute ndani ya jicho la ng'ombe wakakipa jina. Mwili wako unacho pia, kwenye ngozi na maungo, kinashika maji. Siku hizi hakitolewi kwa ng'ombe, kinatengenezwa kwa bakteria kama mtu anayechachusha kitu, na Desemba 2003 Marekani ikakubali ya kwanza ya aina hiyo, Restylane, kwa mikunjo ya uso. Faida yake kubwa haiandikwi kwenye posta: kuna kimeng'enya, hialuronidesi, kinachoweza kuiyeyusha mambo yakienda mrama. Vaseline ya Gersuny haikuwa na hiyo bahati.

Lakini mambo yakienda mrama vipi? Hapa ndipo nilimpigia mama mdogo saa tano usiku nikijua amelala. Fila ikiingia ndani ya mshipa wa damu inauziba. Ngozi inayolishwa na mshipa huo inaweza kufa. Na mishipa ya katikati ya nyusi imeungana na mishipa inayolisha jicho. Sehemu hiyo ni moja ya sehemu hatari zaidi usoni kudunga fila, kwa sababu ikirudi nyuma na mshipa inaweza kukupofusha, na upofu huo mara nyingi haurudi hata ukidungwa kiyeyushio. Mistari ya mama mdogo iko hapohapo. Na yeye alikuwa amechagua fila kwa sababu inakaa muda mrefu.

"Kwa hivyo ni Botox," akasema, sauti ya usingizi.

Ningependa kusema ndiyo na tulale. Dawa ya mistari ile, kwa aina, ni Botox ama mojawapo ya ndugu zake. Lakini ukoo huu wa soseji nao una kisa chake. Mwaka 2004, Florida, daktari ambaye leseni yake ilikuwa imesimamishwa alinunua sumu ya maabara, ile ya utafiti ambayo haijaidhinishwa kwa watu, akaitumia kama Botox. Alijidunga mwenyewe, mpenzi wake, na wengine wawili. Wote wanne wakapooza, wakawekwa kwa mashine ya kupumua. Waliugua kile walichougua wateja wa soseji wa Kerner. Jina la dawa lilikuwa sawa, kilichokuwa ndani ya chupa kilikuwa kitu kingine. Botox halisi ina sumu kidogo kiasi kwamba huwezi kuiona kwa macho, na ukipima vibaya hakuna onyo. Hata kampuni tofauti zinahesabu vipimo vyao tofauti. Kipimo kimoja cha hii si kipimo kimoja cha ile. Sasa nieleze, kwa chumba cha kukodi, ni nani anapima?

Kabla mtu hajaniambia hii ni mambo ya watu wa nje, wacha niwakumbushe sisi ni Abagusii. Hapa kwetu kulikuwa na omobari omotwe, mganga anayefungua kichwa. Mtu amepigwa rungu, maumivu ya kichwa hayaishi, anapelekwa kwake, ngozi ya kichwa inapasuliwa na mfupa unakwanguliwa mpaka tatizo litoke. Wazungu walikuja kushangaa. Edward Margetts, daktari wa akili aliyekuwa Mathari miaka ya 1950, aliandika kuhusu upasuaji huo, na wengine wakamfuata. Wagonjwa wengi walipona wakaishi. Sisemi turudi huko, mimi nikiumwa kichwa nameza Panadol. Nasema hivi: kazi ile ilifunzwa kwa miaka chini ya mtu anayeijua, na kijiji kizima kilijua boma la mganga liko wapi. Mgonjwa akifa, familia ilijua mlango wa kubisha. Huyu wangu wa Instagram amebadilisha jina la akaunti mara mbili tangu nianze kumfuata.

Sheria yetu kwa hili haijafichwa. Dawa zinasajiliwa na Pharmacy and Poisons Board, na madaktari wana baraza lao, KMPDC, lenye orodha unayoweza kutafuta jina la daktari kwa simu yako bure. Mwishoni mwa 2024 baraza hilo lilifunga kliniki moja Nairobi baada ya mwanamke kufariki kufuatia upasuaji wa kuondoa mafuta mwilini. Hiyo haikuwa sindano ya uso, na kliniki hiyo haikuwa chumba cha kukodi, ilikuwa na matangazo mazuri kuliko yangu. Hiyo ndiyo iliyonitoa jasho.

Basi nikamwandikia yule msee. Sikumtukana. Niliuliza vitu vinne kwa heshima: hiyo Botox ni ya kampuni gani na nitaona kichupa kikifunguliwa, nani anadunga na namba yake ya usajili ni ngapi, fila ni ya aina gani, na je, kiyeyushio kiko hapo chumbani ama kinapatikana wapi saa ikifika. Alisoma saa hiyohiyo. Akajibu, "Unataka dili ama hutaki?" Nikarudia swali la namba ya usajili. Akaniblock.

Elfu nane ikaenda hivyo. Kodi nimelipa nusu, mwenye nyumba amenipa hadi tarehe kumi na tano, tusiendelee na hiyo.

Mama mdogo hakufurahi nilivyotarajia. Alinyamaza, akaniambia mimi ndiye nilimwonyesha na mimi ndiye nimemnyima. Ni kweli. Nilimwambia kama bado anataka, tutamtafuta daktari wa ngozi aliye kwenye orodha, itakuwa mbali na itakuwa ghali mara nyingi zaidi, na itabidi arudie kila baada ya miezi michache. Akapiga hesabu kwa vidole, kilo za majani zikigeuka kuwa miezi ya uso, na nikaona ile kumi na moja ikijikunja vizuri kabisa.

Sehemu ya bonasi amenunua kofia pana ya kuchunia na dumu la kuwekea maziwa. Iliyobaki ameweka, hasemi ya nini, na simuulizi. Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tunamenya ndizi tena, nikamsimulia yote haya kutoka mwanzo, wanamuziki wa matangani na ng'ombe na Vaseline ya yule kijana, hiyo ilimchekesha sana. Mwisho akauliza, "Na yule bibi wa pua, alikufa lini?"

Nikaangalia. 1977, akiwa na miaka 96.

"Ala!" akasema. "Miaka sabini na hiyo nta usoni." Akachukua ndizi nyingine.